Meneja na Mlango wa Kushoto

Ukifiwa na mtu, angalau unajua pa kwenda. Unaenda kaburini, unang'oa magugu, unalia, unarudi nyumbani kupika. Mimi mtu wangu hana kaburi. Yuko hai, analima vitunguu huko Ndabibi, na jioni anakunywa uji kama watu wengine. Lakini yule niliyemjua mimi hayuko, na nina hamu naye mpaka wakati mwingine nikiwa nafua nasimama tu, povu mikononi, sijui nangoja nini.

Tulimwita Meneja. Pale Langa Langa hakuna aliyemwita kwa jina lake, hata mke wake. Alisimamia yadi ya Nakuru ya kampuni moja inayouza magari mapya, wakubwa wake wakiwa Nairobi. Mtaa wetu ulikuwa na mameneja wengine, wa benki na wa viwandani, lakini hao walikuwa na majina. Ukisema Meneja tu, ni yeye. Nyumba yake na ya wazazi wangu zilitenganishwa na ua wa miiba, na mimi nimekua nikimwona kila asubuhi akifuta viatu kwa gunia kabla ya kuingia kwa gari.

Nitasema mapema kwa nini naandika, mtu asifikirie nina muda wa kupoteza. Binti yangu Nafula, ambaye bado yuko chekechea, alianguka kutoka kwa gari letu likiwa linaenda. Mlango wa nyuma wa kushoto, ule wa kuteleza ukiuvuta, ulifunguka wenyewe. Paja likavunjika, wakamwekea chuma, na leo anatembea akiburuta mguu kidogo kama mtoto aliyevaa kiatu cha babake. Kampuni ilisema mlango ni mzima, ni mama hakuufunga. Mama ni mimi. Na gari hilo tuliuziwa na Meneja.

Wacha nirudi kwake, kwa sababu nikianza na hasira sitamaliza.

Alikuwa na kikohozi cha getini. Hakuwa mgonjwa. Akifika kwa mtu alisimama nje, akakohoa, akangoja kidogo, ndipo akabisha. Mama yangu alimwuliza siku moja, "Meneja, kwani hiyo kifua haiponi?" Akamjibu, "Nakohoa mmalize kunisema kwanza. Sipendi kukatiza watu."

Mti wetu wa parachichi ulikuwa umeinamia upande wake. Tunda likianguka kwake alilileta. Hata lililooza alilileta, ameliweka juu ya kipande cha gazeti. "Mama, hii imeoza. Lakini ni yako imeoza." Mama alikuwa akicheka mpaka anashika ukuta. Sisi watoto tulimwona mzee wa ajabu, lakini hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuruka ule ua kuiba chochote kwake. Ungeanzaje?

Kisha kuna mambo ya kuku. Asubuhi moja alikuwa akitoa gari kwa kinyumenyume, akamkanyaga kuku wa mama aliyekuwa amepita chini ya ua. Kwetu hakukuwa na mtu mzima, mama alikuwa sokoni. Meneja akazima gari. Akakaa kwenye jiwe la getini kwetu, na suti yake, na kuku amemfunika kwa majani, akangoja mpaka mama akarudi. Kazini alichelewa, mtu ambaye hakuwahi kuchelewa.

"Mama, nimekuulia kuku. Sikuangalia nyuma."

"Haki Meneja, si ungeenda tu kazini? Mimi ningesema ni mwewe."

"Mwewe hajafanya kitu," akasema. "Mimi nikinyamaza, yeye atatukanwa bure."

Nilikuwa nimesimama mlangoni na kikombe cha chai. Sijui kama kuna mahubiri yaliyowahi kuniingia kama hayo maneno. Nilipokuwa form four, rafiki zangu walisema wanataka kuolewa na askari, na mwalimu, na mtu wa Qatar. Mimi nilisema nataka mtu anayeweza kukaa getini na kuku.

Kazini, nasikia, alikuwa hivyo hivyo. Mteja akiingia yadi akipenda gari, Meneja alianza na ubaya wake. "Hii inakunywa mafuta kama ng'ombe wa gredi anavyokunywa maji. Na ukiipakia mzigo, mlima wa Mbaruk itakulilia." Vijana wake wa kuuza walilalamika, "Mzee, unatufukuzia watu!" Akawaambia waache waende, watarudi. Na walirudi. Alikuwa akisema gari halina aibu, litakuanika mbele ya wakwe. Alikuwa pia akisema kwamba mteja akishafika mahali pa kuuliza, wewe umeshachelewa kumwambia. Hilo alilirudia hata kwa watu wasiouza kitu, hata kwa mama yangu aliyekuwa akiuza sukuma wiki.

Lakini msimfanye malaika. Daktari alimkataza sukari, na mke wake alimchunga kama mfungwa. Nikitoka shule nilikuwa nampata nyuma ya kibanda cha mandazi, mashavu yamejaa, anatafuna akiangalia ukutani. "Msichana wangu, hujaniona." Ndio huyo huyo wa kuku. Mimi nilikuwa nafurahi kushiriki hiyo siri, nikaenda nyumbani nikicheka peke yangu. Sasa hivi ndio naifikiria vingine.

Na alikuwa anawaogopa wakubwa wake. Simu ya Nairobi ikiingia, hata kama ni Jumapili na amekaa kwenye kochi letu, alisimama. Alifunga kifungo cha shati cha juu. Alisema "Ndiyo, mkubwa. Ndiyo, mkubwa," akiangalia dari kama mtu anayesomewa hukumu. Baba alimtania: "Kwani wanakuona?" Meneja akakaa chini polepole, akasema, "Hao hawahitaji kukuona." Sote tukacheka. Yeye pia alicheka, lakini baada yetu.

Kitu ambacho Nakuru nzima ilimjulia ni maombi ya magari. Kwetu mtu akinunua gari haliendeshwi hivi hivi. Linaegeshwa mbele ya nyumba, makaratasi ya nailoni bado yako kwa viti, majirani wanakuja, pasta anawekelea mkono kwa boneti, mama mmoja anaanzisha wimbo, kisha watu wanakula. Aliyenunua kwa Meneja alimwalika Meneja. Alienda hata Rhonda, hata Njoro, hata kwa mtu aliye juu kabisa Mau. Alipewa heshima ya kuwa wa kwanza kukaa kwenye usukani na kuwasha injini pasta akisema amina. Watu walisema Meneja akiwasha, pasta hata hahitaji kuomba sana. Kila mwenye gari alichukua namba yake, naye akachukua ya kila mwenye gari.

Letu tuliliombea mwezi wa nne, mvua imekatika kidogo. Ni gari dogo la viti saba. Mume wangu, Baba Nafula, analitumia kusambaza mikate asubuhi, na Jumapili tunaingia familia. Meneja alikuja na kofia yake ya maombi. Kabla pasta hajaanza, alienda kwa mlango wa nyuma wa kushoto. Akauvuta, akaufunga. Akauvuta tena, akaufunga. Akauegemea kwa bega. Mimi nilikuwa nimebeba sinia ya chapati, nikasimama kumwangalia, nikaona anajivunia kazi yake. Nilimpenda sana pale.

Tulipokuwa tunakula akamshika mume wangu mkono. "Baba Nafula, hii gari uilete sevisi kwetu. Tafadhali. Usiipeleke kwa mafundi wa mtaani."

Mume wangu akapaza sauti watu wasikie: "Ona Meneja! Hata kwa maombi anatafuta biashara!"

Watu walicheka mpaka pasta. Meneja akaangalia sahani yake. "Nimesema tafadhali," akasema. Akaongeza chapati.

Sevisi ya kwanza, ile ya bure, tuliipeleka. Baada ya hapo tukafanya kama kila mtu wa Nakuru anavyofanya: tukatafuta fundi wetu kando ya barabara. Wakati huo Meneja alikuwa anafanyiwa sherehe ya kustaafu, wanampa saa ya ukutani, na muda si mrefu akahamia shamba.

Siku ya kuanguka, tulikuwa tunatoka kwa dada yangu Njoro, mchana, jua limewaka. Nafula alikuwa nyuma, nimemfunga mshipi wa watu wazima, mlango nimeufunga mimi kwa mkono wangu, nikasikia kishindo chake, na ile taa nyekundu ya dashibodi, ya kuonya mlango uko wazi, ikazima. Tulipokata kona kuingia barabara kubwa, upepo ukaingia. Nikageuka. Mlango umefunguka wote, na mtoto, vile alivyo mwembamba, ametelezea chini ya mshipi. Sitaandika zaidi ya hapo.

Kampuni ilituma kijana kutoka Nairobi, mpole, ananukia vizuri. Akapiga picha kitasa. Akafungua, akafunga. "Kitasa kiko sawa, madam. Mara nyingi ni mzazi anafikiri amefunga." Alisema kama mtu anayekusaidia kubeba mzigo. Mama mkwe wangu alikuwa amekaa hapo hapo. Kijana alipoondoka, akasema kwa upole ule unaochoma, "Mtoto mmoja, mlango mmoja. Sisi tulikuwa na wanane kwa lori la mahindi."

Ikawa ndio jina langu. Dukani nikimaliza kununua unga, kuna mtu ataita, "Mama Nafula, umefunga mlango?" na wengine wanaangalia chini wakijizuia kucheka. Mume wangu alianza kukagua milango nikishafunga. Ya gari, ya nyumba, mpaka ya kabati. Anapita nyuma yangu, anagusa, anaenda. Nilikuwa naona heri anipige makofi nijue moja.

Meneja alikuja hospitali mara moja. Alileta machungwa. Alisimama mwisho wa kitanda, hakuangalia ule mguu ulioning'inizwa. Nikamrukia, nikalia kwa koti lake kama mtoto. "Meneja, niliufunga! Haki ya Mungu niliufunga!"

"Najua," akasema.

Watu wote walikuwa wananiambia pole. Ni yeye tu aliyeniambia anajua. Niliishi kwa hilo neno miezi yote hiyo. Usiku nikikosa usingizi nilikuwa najiambia, kuna mtu mmoja duniani ananiamini, na ni Meneja.

Halafu nikakutana na Mama Brian. Ilikuwa hospitalini, kwenye benchi ya mazoezi ya viungo, mtoto wake amevunjika mkono kwa bembea. Tukaanza maneno ya kupitisha wakati. Nilipotaja aina ya gari akanigeukia. "Ulikuwa mlango wa kushoto?" akauliza. Nikamwambia ndio. Alikuwa amefanya kazi mapokezi pale yadi, kabla hajajifungua.

"Hiyo milango ilikuwa na shida," akasema polepole. "Ulimi wa kitasa ulikuwa unaonekana umeshika na haujashika. Nairobi walituambia vitasa vipya vitachelewa, kwa hivyo gari likija sevisi ya pili, kibadilishwe kimya kimya. Mwenyewe asiambiwe. Walisema tukitangaza watu wataogopa gari zote."

"Ni nani aliwaambia hivyo?"

"Ilitoka juu. Lakini sisi alituambia Meneja. Alitukusanya asubuhi." Akaniona uso. "Mama Nafula, mimi nilidhani wote walikuja."

Nilikaa pale na Nafula akiita nimwone vile anapanda ngazi za mbao. Nikaona kumbe mwewe ni mimi. Nimetukanwa mwaka mzima kwa kuku ambaye sikumgusa, na mtu aliyenifundisha kwamba huo ni ubaya alikuwa amekula chapati zangu akijua.

Nikaenda Ndabibi Jumamosi iliyofuata. Nilimbeba Nafula kwa sababu nilitaka Meneja amwone akitembea. Kutoka Naivasha tulichukua bodaboda, vumbi limetujaa hadi kope, na njia yote nilikuwa napanga matusi. Nina mdomo, mnijue. Lakini chini ya hayo matusi nilikuwa naomba kitu kimoja: akatae. Aniambie Mama Brian ni mwongo. Ningemwamini. Ningemwamini kwa upumbavu wangu wote, nirudi nyumbani na Meneja wangu.

Alikuwa kwenye vitunguu, peke yake, mke wake ameenda soko. Amekonda. Alituona tukiingia, akasimama na jembe. Nilimweka Nafula chini, akaanza kumwendea katikati ya matuta, ule mguu ukichora mchangani. Mzee aliangalia ule mchoro mpaka mtoto akamfikia na kumpa mkono.

"Shikamoo," Nafula akasema, vile wanafundishwa shule.

"Marahaba, mama. Karibuni nyumbani."

"Sijakuja kukaribishwa," nikamwambia. "Ulijua?"

Hakuuliza alijua nini. "Nilijua."

"Tangu lini?"

"Kabla hamjanunua. Kulikuwa na malalamiko kutoka miji mingine."

"Na ukakuja kwangu kwa maombi."

"Nilikuja kuangalia kitasa. Siku hiyo kilikuwa kinashika."

"Siku hiyo!" Ndege wakaruka kwa ua. "Siku hiyo, Meneja?"

Alikaa chini kwenye tuta, juu ya vitunguu vyake mwenyewe. Akasema Nairobi walimwambia habari ikitoka yadi itafungwa, na vijana wote watarudi nyumbani. Akasema alikuwa karibu kustaafu. Akasema alijiambia magari yote yatakuja sevisi, na yakija yatatengenezwa, na hakuna atakayeumia.

"Wewe umeishi Langa Langa miaka mingapi?" nikamwuliza. "Ni nani kwetu anarudisha gari kwa kampuni sevisi ya bure ikiisha? Hebu nitajie mmoja. Lako lilikuwa linatengenezwa wapi?"

"Kwa fundi wa mtaani."

"Ndio hivyo."

"Niliogopa, Mama Nafula. Nimejaribu kulitafutia jina lingine, halina."

Sikumwambia pole. Nilitaka, mkono wangu ulikuwa umeshaanza kwenda kwa bega lake, nikaurudisha. Alijifuta uso kwa kofia, akasema kwa sauti ya ofisi, "Jumatatu nitaenda Nairobi. Nitawaambia watangaze gazetini na kwa redio."

"Nairobi wanajua," nikasema. "Walijua kabla yako. Ambao hawajui ni Rhonda. Ni Njoro. Kwani unapanda gari kwenda kuwaambia watu wanaojua?"

Nafula alikuwa ameanza kung'oa magugu, anachanganya na vitunguu, hakuna aliyemkataza. Kisha mzee akainuka, akaingia ndani, akatoka na simu na miwani. Pale chini hakuna mtandao. Tukapanda hadi kwa tangi la maji, yeye mbele, mimi nimembeba mtoto, na ziwa likaonekana mbali kama bati.

Akapitisha kidole kwa majina. Alipofika kwa mama mmoja wa Rhonda, anayeuza samaki wa kukaanga, akapiga. Nikamwambia aweke sauti kubwa. Akaweka.

"Meneja!" Yule mama alipiga kelele ya furaha. "Haiya! Umepotea wewe! Ulituacha mayatima! Mama hajambo?"

"Hajambo. Mama, sikiza. Lile gari nililokuuzia, mlango wa nyuma wa kushoto una ubovu. Unaweza kufunguka ukienda. Usipakie mtu huko nyuma, hasa mtoto, mpaka kitasa kibadilishwe."

Yule mama akacheka. "Ni nani amekudanganya hivyo? Gari ni nzima kabisa."

"Hakuna aliyenidanganya. Nilikuwa najua. Nilikuuzia nikijua, na sikukuambia."

Kisha matusi yakaanza. Alimwita mnafiki, alimwita mzee wa kanisa bure, akamwuliza kama ana wajukuu, kama anajua ni watoto wangapi wa jirani wamebebwa na hilo gari kwenda shule. Yale matusi niliyoyapanga kutoka Naivasha, yote aliyatoa yeye, na mengine mazuri kuliko yangu. Mzee hakukata simu. Alisema tu, "Ndiyo, mama. Ni kweli, mama," na machozi yakamshuka akiwa ameangalia mbele.

Katikati ya tusi, yule mama akasimama ghafla. "Ngoja," akasema. Tukasikia kiti kikianguka, ndala zikikimbia, sauti yake ikienda mbali na simu: "Nyinyi! Tokeni huko! Nani amewaambia mcheze ndani ya gari? Tokeni, nimesema tokeni!" Mtoto fulani akaanza kulia. Mlango ukavutwa.

Akarudi akihema.

"Wametoka," akasema. "Haya, endelea."